Piko juu ya meupe

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Huku Chukwani sote wazima, mama yako kenda harusini Jambiani.

Umeniuliza kama upake dawa ya daktari, inayoondoa weusi uliobaki ili mwili wote uwe mweupe, na rangi isirudi tena.

Mbalanga hii ya madoa meupe ilinianza mimi nami nikiwa kigori kama wewe. Kabla ya harusi yangu, mpambaji akataka kunipaka piko nyeusi mikono mizima, madoa yafichike. Nikamwambia, "Bi Time, nichore maua juu ya meupe. Hapo ndipo yatakapokolea." Akanichora, wageni wakaja. Nikaiweka mikono juu ya mto, waitazame vizuri.

Dawa ukiitaka mwenyewe, paka. Lakini anayekutaka rangi moja kwa ajili ya macho yake, mwambie bibi yako aliolewa akiwa na mbili.