Mundu wa Baba

Nyumba ya wageni, nyuma ya soko,
Kabale, Uganda.
Jumatano, 6 Novemba 2024

Mpendwa kaka Jovitus,

Shikamoo. Habari za Kahama? Wifi Mahoro hajambo, na mapacha wameacha kukohoa? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia. Nakuandikia kwa sababu namba yangu umeizuia, na ya Baba uliizuia zamani. Haya, barua izuie tuone.

Baba yuko nami huku milimani. Ndiyo, Mzee Polikarpi yule yule asiyefika hata mjini Kayanga bila kulazimishwa. Mwezi uliopita alianza tu kusema anataka kumwona dada yake, shangazi Nyirabageni aliyeolewa Kisoro. Hawajaonana miaka thelathini na moja. Nikamwomba tungoje mvua ziishe. Akasema yeye hangoji mvua.

Tulitoka nyumbani Ihembe Jumapili baada ya misa, kwa pikapu ya Shabani, yule mwenye duka la Murongo anayefuata viazi huku. Kabla ya kupanda gari, Baba alimpa jirani yetu Kashaija mundu wake, ameufunga kwa majani makavu ya mgomba na kamba juu. Nikadhani anamwazima atupogolee migomba hadi turudi. Nikacheka, nikamwambia Kashaija asije akausahau mvuani. Mjinga mimi!

Murongo, pale mpakani, tulilala kwa Shabani. Mkewe Mwanahalima alitupikia vizuri, Baba hakugusa. Jumatatu pale uhamiaji wakauliza tunarudi lini. Nikajibu, baada ya siku kumi. Baba akanisahihisha: "Huyu siku kumi. Mimi sijui." Afisa akacheka. Mimi sikucheka.

Kaka, milima ya huku hujaiona. Barabara inazunguka na kuzunguka, na ukichungulia chini unaona mapaa ya nyumba za watu, madogo hayo. Jana tulianza kupanda kwenda Kisoro. Ukungu ukashuka hadi Shabani akawa anaendesha kichwa kiko nje ya dirisha, anapiga honi kila kona. Na baridi, mama wee! Baba alikaa mlangoni, mdomo wazi, anahema kama aliyepanda kwa miguu. Midomo ikawa rangi ya jivu. Shabani akageuza gari bila kumwuliza mtu. Baba akamwita mwoga, halafu sauti ikamwishia katikati ya maneno.

Daktari wa zahanati amesema moyo umechoka, apumzike, asipande tena milima hiyo. Baba amesema Jumatatu tunapanda. Miguu imemvimba, viatu haviingii.

Leo asubuhi Kashaija amenipigia simu. Anauliza wewe utakuja lini, maana mzee alimnong'oneza kwamba kile kifurushi ni chako, ukabidhiwe mbele ya ukoo. Unajua kwetu mundu wa mzee hauhami mkono akiwa hai, mrithi hupewa siku ya kuanua matanga. Na wewe ndiye uliyemwapia kwamba hutaugusa kamwe, siku ile ulipong'oa migomba ya babu ili upande mikaratusi. Miaka mitatu hamsemeshani, kumbe amekusamehe. Lakini amekusamehe kama mtu anayeaga. Naogopa, kaka. Naogopa sana.

Kwa hiyo usiende Ihembe kuuchukua. Njoo hapa Kabale. Kaa mbele yake umwambie huupokei, arudi akapogolee migomba yake mwenyewe. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia, hata kama ni kwa kugombana.

Shabani anarudi leo na viazi vyake, na barua hii atampa kondakta wa basi la Kahama, hivyo Ijumaa utakuwa nayo mkononi. Usiiweke juu ya kabati. Nisalimie wifi, mapacha, na mama mkwe wako. Mungu akufungulie njia, na moyo pia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukininunia,

Gloriose

N.B. Baba ameamka, akauliza namwandikia nani. Nimemdanganya, nimesema shangazi. Akasema: "Mwambie aje na sweta. Kahama hawana baridi kama hii."