Tone la Bluu Mogitu

Shikamoo Mama,

Mlima ulio kwenye picha ya kadi hii sijauona tangu nifike kwa Bibi. Mvua haikatiki na mawingu yameufunika.

Jana wataalamu walikuja hapa Mogitu na kifaa kidogo kama redio ya mfukoni, kinachotafuta sumukuvu kwenye mahindi kwa kutumia mwanga. Mimi ndiye niliyemsihi Bibi apeleke ya kwake, kwa sababu nilisoma habari hizo shuleni. Alichambua punje nzuri kabisa, kama anayewapikia wageni. Dada mtaalamu alizisaga, akachanganya na dawa, akaweka tone moja chini ya mwanga wa zambarau. Liling'aa bluu, zuri kweli.

"Bibi, haya msile," dada akasema. "Bluu hiyo ndiyo sumukuvu. Yanaharibu ini."

"Basi jioni nipike hiyo taa yenu?" Bibi akamuuliza.

Watu walicheka. Dada akaandika kwenye daftari, kisha wakapanda gari kurudi Katesh.

Jioni Bibi na Babu walikula ugali wa gunia lile lile, maana hawana lingine. Mimi nilichemshiwa viazi. Nilipoomba tule pamoja, Babu alisema, "Wewe msomi, kula viazi vyako." Nilivila nikitazama chini.

Lile debe la mahindi ulilotaka nikuletee, Bibi amekataa kulijaza. Anasema hawezi kumlisha mwanawe sumu. Akipiga simu, tafadhali usimuulize.

Nimekukumbuka sana, Mama. Wakumbatie wadogo zangu.

Mwanao,
Elia