Pedali za Marehemu Achiel

Geraardsbergen, 9 Machi

Mpendwa Mama Hortense,

Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini kwa sababu nyumbani sina tena wa kumuuliza, mume wangu Achiel nilimzika Novemba. Alikuwa fundi wa mashine, na alipostaafu goti likaanza kumsumbua, lakini baiskeli hakuiacha, akabuni pedali inayouacha mguu ugeuke kidogo kila unapokanyaga ili goti lisiumie, na mpwa wake Wannes akafungua kampuni ya kuitengeneza, kampuni ya watu wawili na gereji yetu, mpaka chuo kikuu kikakubali kuwasaidia kwa utafiti, na mtafiti wao Ilse, binti mpole, akawa anakuja kupima goti la Achiel na kula supu yangu.

Pedali za kwanza Achiel alizifunga kwenye baiskeli yake, akazikanyaga miaka miwili kwenye mvua na matope. Sasa Ilse anazitaka. Anasema mashine ya maabara haina uzito wa mtu anayesimama kuupanda mlima wetu wa mawe, kwa hiyo lazima azikate za Achiel katikati aone chuma kimechoka kiasi gani, kabla watu hawajauziwa. Nikamjibu, "Chukua, mwanangu." Kumbe siku ya mazishi, kwenye meza ya kahawa, Maurits mwenye mkahawa wa klabu yao ya baiskeli aliniomba aitundike baiskeli ukutani jinsi ilivyo, na kwake pia nilisema ndiyo. Siku hiyo nilisema ndiyo kwa kila mtu.

Jumapili iliyopita Maurits na Wannes wakakutana jikoni kwangu.

"Baiskeli bila pedali zake!" Maurits akasema. "Nitundike nini sasa, kianikio cha nguo?"

"Mzee Maurits, wewe unataka pambo la kuangalia ukinywa bia," Wannes akamjibu.

"Mjomba wako aliipenda bia yangu kuliko kampuni yako, kijana!"

Wakacheka, kisha wakanigeukia, nami nikasema naangalia kahawa.

Ukweli, Mama, sitaki kumpa yeyote. Baiskeli iko koridoni, na nikipita huizungusha pedali ya kushoto kwa kidole, inazunguka muda mrefu bila sauti, kama alivyoizungusha yeye kwa ncha ya kiatu kabla ya kuondoka, na kila Jumapili alikuwa akirudi na keki ya jibini imepondeka kwenye mfuko wa mgongoni, tukaila kwa kijiko. Zikikatwa nitabaki na nini? Nifanyeje?

Godelieve

*

Bibi Godelieve,

Pole, pole sana. Keki ile nimeionja mdomoni nikisoma.

Sasa nikugombeze kidogo. Watu wawili wanavutana jikoni kwako, nawe unajificha nyuma ya birika! Hawajui unachotaka, wajue vipi?

Maurits anaweza kusubiri, ukuta wake haukimbii. Ilse hawezi. Kuna mtu mwenye goti bovu ambaye atauteremka ule mlima akiamini kwamba chuma kilicho chini ya kiatu chake ni kizima. Kikikatika, anaanguka yeye. Achiel alizikanyaga pedali zile miaka miwili ili jambo hilo lijulikane. Ukizificha koridoni, umemkatiza kazi katikati.

Mpigie Maurits leo, wewe mwenyewe, usimtume Wannes. Mwambie baiskeli bado iko kwako, na siku utakayokuwa tayari ataipata na pedali za kawaida. Atanuna, atakunywa moja, yataisha.

Pedali usizitume kwa mtu. Wannes azifungue, wewe uzibebe mpaka maabara, na umwombe Ilse ukae palepale anapozikata. Utaona ndani yake, mahali ambapo hata Achiel hakupaona tena tangu azifunge. Uliza kila kitu, usione haya. Mlimlisha binti huyo supu, atakueleza. Vipande wakishavipima, dai virudi nyumbani, ni vyako.

Kisha uniandikie umeona nini. Na ukiwa huko maabara, utazame kwa niaba yangu pia.

Hortense