Kwetu Hakuna

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na goti lako limepunguza ukorofi. Sisi tunapumua, lakini si kwa raha. Binti yangu mkubwa amekutwa na saratani ya titi, na mtoto wake bado hajaanza kutembea. Daktari aliuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua. Nikamjibu palepale: kwetu hakuna, waulize upande wa mama yake. Tangu siku hiyo mama yao amehamia chumba cha wasichana. Ananisemesha habari za kazi yetu ya karakana tu, foronya za makochi ngapi, uzi rangi gani.

Kuna kipimo cha damu cha kuonyesha kama ugonjwa ni wa kurithi, ila wanaanza na wale ambao ukoo wao una wagonjwa. Sisi hatumo. Hata Kitinda, mdogo wake, ameambiwa hana haja ya kupimwa. Kwa hilo nashukuru.

Mdogo wako,
Fundi

21 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti lingekuwa na nguvu zake za zamani ningelileta lenyewe likujibu. Mpe binti pole yangu, na mkumbatie mama yake kama atakubali.

Kwetu hakuna? Mama yetu alizikwa na kidonda kifuani ambacho watu walikiita husuda. Na wewe ulikatwa "jipu." Nimeishi mbali na kwetu miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu, lakini umbali si upofu. Jipu gani hukatwa pamoja na chuchu? Jipu gani humezewa vidonge miaka mitano, vidonge ulivyonilalamikia kuwa vinakutoa jasho kama mwanamke aliyekoma hedhi? Katika picha ya karakana uliyonitumia, vijana wako wote wako vifua wazi kwa joto, wewe umefunga vifungo hadi kooni. Mwanaume ana titi, ndugu yangu. Ni dogo, lakini linatosha kuugua.

Na baba humrithisha binti sawasawa na mama. Hukuwapa wale wasichana pua tu. Mkeo ndiye aliyekufunga bendeji, akanyamaza ili akusitiri. Wewe ukaenda kumvua nguo yeye mbele ya daktari.

Rudi ukaseme.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Umeniandikia kama mtoto mdogo. Haya, tuseme lilikuwa hilo unalosema. Langu lilikuwa aina inayolishwa na homoni, ndiyo maana ya vile vidonge. La binti, daktari amesema wazi, halina vipokezi viwili vya homoni wala kile cha tatu wanachokipima. Ni ugonjwa mwingine kabisa. Paka hamrithi mbuzi.

Nami nina wateja. Unataka nianze kuitwa Mama Fundi?

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Hukuniuliza hali, basi nakuambia mwenyewe. Nilikwenda kupimwa. Ninalo badiliko kwenye jeni iitwayo BRCA2. Sijaugua, huenda nisiugue kamwe, na bado ninalo.

Sasa kuhusu paka na mbuzi wako. Mtu harithi uvimbe, hurithi kasoro. Jeni hiyo kazi yake ni kushona michaniko ndani ya seli. Ikiharibika, kitambaa kinaweza kuchanika, na mchaniko wa mmoja si lazima ufanane na wa mwenzake. Badiliko kama langu huelekea zaidi aina yako. La jeni mwenzake, BRCA1, huelekea zaidi aina ya binti. Nimesema huelekea, sikusema hulazimisha. Nyumba moja, badiliko moja, aina zote mbili: hutokea. Kama unalo, kila mwanao alikuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kulipata. Binti akijulikana analo, zipo dawa zinazolenga kasoro hiyohiyo. Kitinda akijulikana analo, ataangaliwa mapema, kabla hajaumwa.

Wanasema mficha uchi hazai. Wewe umezaa wawili na bado unaficha, na wanaoumia ni wao. Uliniambia mwenyewe kwamba fundi hawambi kitambaa kipya juu ya kilichooza, sharti avue kwanza. Basi vua.

Dada yako

2 Juni

Mdogo wangu,

Kimya chako nimekisoma. Kama umekasirika, kasirika huku unatembea kwenda hospitali.

Dada yako

30 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje?

Nilivua shati. Daktari ni msichana mdogo, alilitazama kovu kama anayesoma. Binti alikuwa amekaa pembeni, kichwa kimebaki bila nywele kwa sababu ya dawa. Akasema taratibu, "Baba, mimi nilikuwa namlaumu mama."

Damu yangu na yake zimeonyesha badiliko lilelile lako. Daktari anaipanga upya dawa yake. Damu ya Kitinda imechukuliwa, tunangoja. Amenuna, anasema kama ningesema mapema asingekuwa anangoja sasa. Ana haki.

Mama yao bado analala chumba cha wasichana. Nilimwomba radhi, akaniuliza foronya za yule mteja wa hoteli ni ngapi.

Jana joto lilizidi, nikafanya kazi kifua wazi. Mteja aliyekuja kuchukua viti vyake akauliza, "Fundi, kovu hilo la nini?" Vijana wakainamisha vichwa. Nikamwambia ni saratani ya titi. Akacheka, akadhani namtania. "Wewe? Si ugonjwa wa wanawake huo? Umeutoa wapi?"

"Kwetu," nikamwambia. "Unatoka kwetu."

Mama yao alikuwa akishona nyuma ya pazia. Hakutoka. Ila cherehani ilinyamaza.

Mdogo wako,
Fundi