Tulimuaga Kendi, na Kendi Bado Yuko

Leo Alhamisi. Ukungu imekalia vilima vya Nyambene tangu asubuhi kama mgeni amesikia kuku ikichinjwa. Goti yangu ya kushoto inasema mvua iko njiani, na hii goti haijawahi kudanganya mtu. Mimi ndiyo hudanganya.

Kusoma sijui. Naongea na simu, simu inaandika. Ukiona neno imeharibika, uliza simu.

Sasa hii maneno ya Kendi, msichana wangu wa polisi. Alichaguliwa kuenda ng'ambo, kwa ile misheni ya nchi nyingi ya kulinda amani. Mimi nikashindwa kunyamaza. Kabla hata aone tiketi, nikachinja mbuzi. Mikinduri yetu yote ilikula. Nikajaza pombe ya asali mdomoni, nikamtemea baraka kwa kifua mbele ya watu, vile baba yangu alinitemea mimi: enda, urudi.

Usiku huo akalala kwa nyumba. Kesho yake akalala kwa nyumba. Maharagwe ilipandwa hiyo wiki, saa hii iko na maua.

Kumbe misheni iko na jina lakini haina vitanda. Kendi alinielezea. Nchi zilikaa mkutano, zikainua mikono: hii itatoa pesa, ile itatoa askari, ile ingine magari ya chuma. Mkutano ukaisha, mikono ikashuka. Askari wachache ndio wamefika huko, mtu mmoja anafanya kazi ya watatu. Wengine wote wameambiwa wangoje makwao.

Hii mimi naelewa bila shule. Ni kama mahari. Ndugu wote wanaahidi, alafu siku ya kuenda kwa wakwe unajikuta umeshika kamba tupu. Mbuzi ya ahadi haitembei.

Jumatatu nilipitia bucha ya M'Mwirichia. Tulitahiriwa mwaka moja na huyo, kwa hivyo ako na ruhusa ya kunitusi.

"Mzee wa amani! Huyo polisi wako wa dunia nimemwona shambani akipalilia."

"Analinda mpaka ya maharagwe na viazi," nikamwambia. "Wewe umesikia risasi hata moja?"

"Na ile mbuzi tulikula?"

"Hiyo ilienda misheni. Imefika huko kabla ya watu wote."

Bucha yote ikacheka, na mimi pia. Kugeuka hivi, Kendi amesimama nyuma yangu na kikapu. Yeye hakucheka.

Hiyo ndiyo iliniuma.

Leo asubuhi mkubwa wake wa kazi kule Embu akapiga simu. Mpaka kesho Kendi aseme moja: anabaki kati ya wale wanangoja, ama anarudi kazi yake ya zamani na nafasi ya misheni apewe mtu mwingine. Alafu huyo mkubwa akasema mama askari wamepungua kuliko wote. Wanaume wanapatikana, wanawake wanajiondoa mmoja mmoja.

Ile begi yake imekaa mlangoni tangu siku ya mbuzi. Leo nimemkuta ameimwaga yote kitandani. Viatu vya kazi ameweka kando.

"Baba, nimechoka kuagwa," akasema. "Makena ananiuliza kila asubuhi kama nimeshaenda."

Makena ni mtoto wake, bado mdogo. Mimi nikakosa utani. Andikeni hiyo, haifanyiki kila mwaka.

Nikavuta kiti. Zamani mimi nilikuwa mpishi wa jeshi, na nikapelekwa misheni mbali sana, Kendi hata hajazaliwa. Mpishi kama mimi hakukuwa. Nilipika kwa pipa ya mafuta imekatwa nusu, nchi nne zikakula. Mkubwa mmoja wa nchi ya baridi alionja mukimo yangu ya viazi na mahindi akalia, akauliza kama niko na dada. Na ile ndovu ilimaliza sufuria yangu ya wali, kesho yake ikaleta watoto. Kendi amekula hizo hadithi pamoja na uji.

Lakini leo kukatoka ingine, sikuwa nimepanga.

Huko pia tulifika kabla ya vitu vyetu. Hema hakuna, dawa kidogo, watu kidogo. Mwanamke kwa kambi yetu alikuwa mmoja tu, nesi. Sisi wanaume na bunduki zetu tuliuliza wamama wa pale nani anawasumbua usiku, wakaangalia chini. Lakini kwa nesi walipiga foleni tangu jua linatoka. Walimwambia yote. Jioni sauti yake ilikuwa imeisha, na foleni bado.

Alafu akashikwa na malaria. Asubuhi wamama wakakuja, wakangoja, wakaambiwa hayuko. Wengine walikuwa wametembea usiku. Wakabeba maneno yao, wakarudi nayo. Mimi nilikuwa hapo kwa jiko namenya viazi. Niliwaona migongo mpaka wakapotea.

Bunduki hazikupungua siku hiyo. Ni mtu alipungua.

Kendi akaniangalia sana. "Hii nayo ni kama ya ndovu, Baba?"

Ukidanganya watu maisha yote ndio wafurahi, siku ya ukweli unakosa shahidi.

Ni bibi yangu, mama ya Kendi, alijibu kutoka jikoni, bila hata kuchungulia. "Hiyo ni ukweli. Kwa uongo yake, yeye ndiye hushinda. Hapo amemenya viazi tu."

Kendi akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mbuzi.

Jioni akapiga simu Embu, akasema anabaki kungoja. Viatu vimerudi kwa begi, begi imerudi mlangoni. Mkubwa amemwambia kontena ya kwanza ya vitanda imefika huko. Kitanda sio safari, lakini kitanda ni mwanzo. Mimi nimepewa sharti moja: hakuna kuchinja tena mpaka ndege ipae na Kendi ndani. Imeniuma, lakini nimekubali. Baraka siwezi kurudia. Ile ya kwanza ilikuwa ya asali, na asali haiozi.

Nchi zitalipa? Sijui, mimi sio nchi.

Lakini kesho nitaamkia kwa bucha, kabla M'Mwirichia hajanoa kisu na mdomo. Akiniuliza polisi wa dunia ako wapi, nitampatia ukweli hata mara moja, ajue ladha yake. Nitamwambia anangoja. Maana huko mbali kuna mama amesimama kwa foleni, na yeye pia anangoja.