Nilipomlegezea Punda Kamba

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kamunyonge hatujambo. Goti la babu yako limepoa, na shangazi yako amehamia Nyakato na cherehani yake. Nimefurahi umepata kazi ya farasi huko Arusha. Umeniuliza nilifanyaje mara ya kwanza mnyama alipokimbia nami mgongoni, maana wewe unatetemeka.

Hata mimi nilitetemeka. Kwetu Bunda tulikuwaga na punda wa kubeba maji. Siku moja niko naye malishoni, nikaona mvua inakuja, na pamba yetu yote imeanikwa uani, nyumbani hakuna mtu. Nikampanda. Mbuga ile ina mashimo yanayochimbwa na muhanga usiku, yaliyofichwa na nyasi, kwa hiyo nikawa namvuta kamba kila hatua, huku na kule. Akajikwaa, kisha akagoma kabisa.

Nilipochoka kumvuta nikaiachia kamba, nikashika manyoya ya shingo. Basi akaondoka. Alikimbia akiyakwepa mwenyewe mashimo ambayo mimi nisingeyaona, na upepo ukanijaa mdomoni kwa jinsi nilivyokuwa nacheka. Pamba niliisahau.

Nusu yake ililowa, nusu nikaiwahi. Baba alinigombeza, lakini jioni ile punda alipewa pumba kabla sisi hatujala.

Farasi siwajui. Ila pikipiki ya kaka yako naishikilia kwa mikono miwili mpaka tufike, maana ile haina macho. Huyo wako anayo. Mlegezee.

Ni mimi bibi yako, ninayekuwaza kila siku.