Apumzike kwa Amani, na Mwenyewe Yupo Pale Kakaa!

Jumapili jioni, Karatu. Ukungu umeshuka tangu saa kumi. Nimevaa sweta mbili na bado miguu inaganda, lakini kifuani kunawaka moto. Nimekasirika, na leo sitaki mtu aniambie nitulie.

Leo kanisani walimuaga baba yangu. Baba ni mchungaji wa Kimethodisti na amestaafu mwaka huu. Nyumba ya kanisa tumeshaikabidhi, sasa anakaa kwangu, na mabuti yake ya mvua yako mlangoni utadhani kesho anaitwa tena.

Wiki nzima alikuwa na neno moja tu: "Mwanangu, nataka niwaage watu wangu kwa mdomo wangu mwenyewe." Basi. Hakutaka keki wala suti mpya.

Na watu wake ni kina nani? Ni vibarua wa mashamba ya kahawa kule Oldeani, waliotoka Singida na Dodoma. Wakifia huku ugenini, Baba ndiye aliyewazika, mara nyingine yeye na wachimba kaburi tu. Ni wakulima wa Mbulumbulu waliozoea kumsukumia pikipiki kwenye tope ili awahi ibada. Na ni wafugaji wa kule juu Ngorongoro. Kimasai alijifunza ukubwani, kwa kuchekwa. Ukame ulipoua ng'ombe alikaa nao boma kwa boma, mpaka marehemu Mama akawa analalamika kwamba kumbe ameolewa na Mmasai.

Sasa hawa ndio waliowekwa nje!

Ndani walikaa wageni waalikwa. Watu wa Ngorongoro waliofika na lori asubuhi na mapema wakapangwa chini ya turubai, wamejifunga shuka zao kwenye baridi. Nilipomuuliza mtu wa kamati, akanijibu bila hata kunitazama, "Dada, ndani ni viti vya itifaki." Itifaki, eti.

Mshereheshaji alikuwa bwana mmoja anayetembeza watalii, sauti tamu, suti inang'aa. Ikaja hotuba, ikaja kwaya, ikaja hotuba nyingine. Keki. Picha na keki. Kila baada ya dakika chache anatukumbusha kwamba muda sio rafiki yetu. Baba alikaa kwenye kiti kilichopambwa, na kila mtu alipoitwa mbele yeye alijiweka sawa, akashika kifungo cha koti, kisha akasikia jina la mtu mwingine. Niliona aibu kumtazama.

Mwishoni yule bwana akasema, "Wapendwa, mzee wetu ametumika sana, amechoka. Hatutamsumbua kuongea. Tusimame sote, tumwombee mchungaji wetu apumzike kwa amani."

Kanisa zima likaitikia, "Amina!"

Jamani! Apumzike kwa amani! Baba yangu yupo pale kakaa, ua la plastiki kifuani, anapumua!

Mama mmoja pembeni yangu alishaanza kujifuta machozi, mazoea ya misibani hayo. Na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba mimi mwenyewe niliitikia Amina kabla sijasikia ninachokiitikia. Nikamtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine, anangoja aombewe.

Nikafungua mdomo, nikachelewa. Aliyesema ni Koko. Koko ni bibi kwa Kimasai, na huyu ndiye mtu wa kwanza aliyebatizwa na Baba kule juu. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Nani amekufa?"

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Mimi nauliza. Kama mchungaji amekufa, mbona hajatuaga? Na kama hajafa, si mumpe aseme!"

Huko nje turubai zima likalipuka kwa kelele. Mshereheshaji akachekacheka, "Bibi, samahani, ulimi umeteleza." Umeteleza wapi? Ulishamzika tangu kwenye ratiba, bwana wewe!

Baba akasimama. Hakungoja kipaza sauti. Akapita katikati ya viti vya itifaki, akatoka mpaka chini ya turubai. Watoto na vijana wakamwinamishia vichwa, kama wanavyowasalimu wakubwa wao, naye akawagusa utosini mmoja mmoja bila haraka yoyote. Ndipo akaanza kusema, Kimasai kwanza. Wageni waalikwa wakawa wanatoka nje kumfuata, wanatazamana, hawaelewi hata neno. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kisha akasema kwa Kiswahili. Aliwataja kwa majina vibarua aliowazika Oldeani, akawashukuru waliomsukumia pikipiki. Karatasi yake ya hotuba hata hakuitoa mfukoni. "Nimewaaga," akasema mwishoni, sauti ikamkatika, na Koko akamshika mkono.

Sasa simu yangu haitulii. Kamati wanaomba radhi. Mshereheshaji kaandika, "Dada, tusameheane, ni mambo ya kibinadamu." Sijamjibu. Nitamjibu hasira ikipoa, na leo haipoi. Mtu anawatumikia watu mpaka magoti yanakataa, halafu siku ya kumshukuru mnamnyima hata nafasi ya kusema kwaheri! Hivi tuna nini sisi?

Baba amekunywa uji wake, amevua viatu. Kila jioni huwa namwambia, "Baba, nenda kapumzike." Leo nimefungua mdomo, neno limegoma kutoka. Akaniona, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akasema, ameshika mlango wa chumba chake, "naenda kulala. Kulala tu. Kesho uniamshe."